Kibali cha Kuondoa Kulabu

Napenda kuutangazia umma kwamba mabanda ya farasi ya serikali yameachana rasmi na misumari. Badala yake tuliletewa kulabu za sumaku mia mbili na arobaini, ambazo hujibandika zenyewe kwenye chuma bila nyundo wala jasho. Mimi ni Katibu wa Kamati ya Kudumu ya Kuning'iniza. Sijawahi kupanda farasi, jambo lililonisaidia sana kutopendelea upande wowote.

Tulijadili kimo cha kulabu kwa siku nne. Mkurugenzi Mkuu si mrefu, nasema hivi kwa heshima zote, na alitaka akija kukagua aweze kutundika kofia bila kujinyoosha. Ikaamuliwa kulabu zibandikwe kwenye ukuta wa chuma ndani ya kila chumba cha farasi, usawa wa sikio lake.

Mama Kwato, aliyetunza farasi kwa miaka ishirini na miwili, aliruhusiwa kusema mwishoni, kwenye ajenda ya mengineyo. Alieleza kuwa hapo ndipo jicho la farasi lilipo, na farasi akiwashwa hujikuna popote. Kulabu ziwekwe nje, kwenye ujia, juu ya kichwa cha mnyama, tena za vitu vyepesi tu, maana tandiko zito litateleza nazo mpaka chini. Kamati ilimshukuru, ikabaini kuwa maoni yake hayakuwa na mhuri.

Jumatano, farasi jike mzee aitwaye Shangazi alijikuna shavu ukutani. Kulabu ikanasa kamba yake ya kichwani. Alipotaharuki na kuvuta, ikabanduka na kumchana kope. Mama Kwato alimshika kichwa, akimnong'oneza maneno ambayo sikuyapata, mpaka daktari wa mifugo alipomaliza kushona nyuzi tano. Mikono ya Mama Kwato ilikuwa imetulia kabisa. Machozi ndiyo yalikuwa yanamtoka. Kisha akaichukua ile kulabu, akaitia mfukoni.

Kamati haikulala. Ilibaini kwamba Shangazi aliitumia kulabu kinyume na madhumuni yake. Mama Kwato akapewa barua ya onyo kwa kuhamisha kifaa cha umma, na kulabu ikarudishwa palepale. Tena ikapitishwa kanuni: hakuna kulabu itakayoondolewa bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi Mkuu. Kanuni hiyo niliiandika mimi, na sioni haya kusema ilitoka vizuri.

Wafanyakazi wakaanza kunung'unika, kwa hiyo Ijumaa Mkurugenzi alikuja mwenyewe kuwatuliza. Aliingia chumbani kwa Shangazi, koti limefungwa vifungo mpaka kooni, akauegemea ukuta na kutueleza kwamba kiumbe mwenye akili timamu hawezi kunaswa. Alipotaka kusogea, hakusogea. Kulabu ilikuwa imeingia chini ya ukosi wa koti, mgongoni, ambako mikono yake haikufika, na vifungo vya kooni vikakazwa visifunguke.

Akapaza sauti. Shangazi akageuka amwone kwa lile jicho zima, na tumbo lake likambana ukutani. Mkurugenzi alisimama kwa ncha za vidole, sauti imekuwa nyembamba kama ya chiriku.

Mama Kwato alikuja bila haraka. Kwanza alimtoa Shangazi nje, akamkagua nyuzi, akampa majani. Ndipo akarudi.

"Itoe," alisema Mkurugenzi.

"Naitoa, Mheshimiwa. Kibali kiko wapi?"

Mkurugenzi alinitazama mimi. Nilithibitisha kwamba kanuni iko wazi na haina kipengele cha dharura. Nikampa kalamu na karatasi, nikainama ili aandikie mgongoni kwangu.

Mama Kwato akashauri kwamba, kwa kuwa karatasi imeshatoka, isiharibiwe kwa kulabu moja. Akamtajia taratibu, naye akaandika: zote zitoke vyumbani, ziende ujiani, juu ya kichwa cha farasi, zibebe brashi na kamba tu, na ile barua ya onyo ifutwe. Kwenye neno "ifutwe" kalamu ilisita mgongoni kwangu. Koti likamkaba kidogo, akaendelea. Akasaini.

Mama Kwato aliinamisha sumaku upande mmoja kwa vidole viwili. Ikabanduka.

Mkurugenzi alisugua shingo, akauliza, mbele ya wafanyakazi wote, kama muda wote huo ilikuwa rahisi hivyo.

"Rahisi sana, Mheshimiwa," Mama Kwato alisema. "Hata Shangazi aliitoa mwenyewe. Ila yeye hakuwa na kibali."