Kibali cha Boriti za Shangazi

Jumatatu, 3 Machi 1975. Kijijini Janga.
Ndugu zangu wa mapambano! (Daftari hili halina wasomaji bado, historia itawaleta.) Nimepigwa na butwaa. Nyumba ya Shangazi Mwanamkuu haina paa, masika yanakaribia, na mikoko ya boriti haikatwi ila kwa kibali cha Idara ya Kuhifadhi Ghuba. Idara ya bahari iko wapi? Kisarawe, vilimani! Shangazi alitaka kwenda kuomba. Nilimkataza: haki haiombwi, hunyakuliwa. Akauliza kama hiyo haki inazuia mvua.

Jumatano, 5 Machi. Kisarawe.
Hotuba: kurasa kumi na moja. Shangazi amenifuata, nilimwamuru asubiri barazani. Mbele ya makarani wote nilimwita Mkuu wa Idara kupe, mnyonyaji, kibaraka wa ubeberu. Akaniuliza kabila langu. Mzaramo, nikajibu kwa fahari. Ofisi nzima ikaangua kicheko! Kumbe yeye Mnyamwezi, mtani wetu tangu enzi za misafara! Akasema Wazaramo wamesoma hadi wamesahau kutukana. Eti babu yangu angemmaliza kwa maneno mawili. Akaagiza niletewe chai. Natukana mfumo, mfumo unaninywesha chai! Nilikataa. Ilikuwa ya maziwa. Nikanywa.

Alhamisi, 6 Machi.
Siamini! Nilirudi kuthibitisha kwamba sitanii. Nikanyakua karatasi ya kwanza mezani, nikaichana vipande vinane. Kilikuwa kibali cha Shangazi! Kimekwisha kupigwa muhuri! Kumbe jana, mimi nikiwa kwenye chai, aliingia akamwambia Mkuu kwamba asipompa boriti, siku akifa watani wake Wazaramo watamzika amevaa gunia. Mkuu alicheka hadi machozi, akatia sahihi. Leo hakucheka. Alisema utani hauchani karatasi ya Serikali. Kibali kingine: Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi. Janga.
Mvua! Ukuta mmoja wa Shangazi umelala chini. Yeye amehamia chumbani kwangu. Mimi nimo jikoni na kuku. Hasemi nami. Nimetafakari kosa langu bila huruma: hotuba ilikuwa fupi mno.

Jumapili, 9 Machi.
Kurasa ishirini na tatu! Shangazi amevunja kimya. Ameniuliza mara tatu kama ni kweli sitafika Idarani kabla ya saa nne. Umma unaamka! Yeye atatangulia, awe mlangoni saa moja na nusu. Ndugu wanamapambano: kesho, Kisarawe, mbele ya Idara, saa nne kamili asubuhi. Asikosekane mtu!