Fungate Yetu Isiwe Ajenda ya Saba

Kwako Mwenyekiti wa Umoja wa Wapima Mvua,

Shikamoo. Mimi ni mke wa katibu wako, yule fundi wa maabara ya shule. Nina wiki tano za ndoa na elimu ya sekondari, kwa hiyo nikikosea unisamehe. Siku hizi macho yangu yanamwona mtu mmoja tu, hata kwenye karatasi.

Nalalamikia mkutano wenu wa mwaka. Kazi yenu naijua: watu thelathini na mmoja, kila mtu na kopo lake uani, mnapima mvua saa tatu asubuhi, na mara moja kwa mwaka mnakutana siku mbili kulinganisha takwimu. Mwaka huu siku hizo mbili zimeangukia katikati ya fungate yetu, ambayo tayari tuliiahirisha tukisubiri shule ifungwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu alihitaji ruhusa ya siku saba. Badala ya kukunong'oneza wewe, aliiandika kwenye ajenda ya kikao cha maandalizi, namba saba, chini ya suala la choo cha ukumbi, kwa kuwa kwenu hakuna jambo linalopita mpaka wote waafiki. Muhtasari nimeusoma. Mzee mstaafu wa posta aliuliza, "Siku saba za nini, kwani wanahama?" Muuguzi akamjibu, "Babu, umesahau tu, nawe uliwahi kuoa." Mkajadili kwa saa mbili nzima. Choo mlikimaliza kwa dakika tano.

2. Mliafikiana tupewe siku tatu, tena twende na kopo, kwa sababu huko tuendako hamna kipimo. Mume wangu alirudi uso unang'aa, akasema, "Mpenzi, imepita." Nami, kwa aibu nakiri, nilimkumbatia. Hasira zilinijia kesho yake, nilipojaribu kupanga sanduku nikakuta kopo limekalia gauni langu jipya.

3. Katika orodha ya malazi ya mkutano, mume wangu amepangwa chumba kimoja na huyo mzee wa posta. Aliyeipanga ni mume wangu mwenyewe. Alinakili ya mwaka jana, alipokuwa kapera.

4. Ugonjwa wenu umeingia nyumbani. Nilipendekeza pazia la njano, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, kisha akasema yeye analo, ila anaomba muda wa kulifikiria. Wiki ya tatu sasa dirisha liko wazi. Fundi viatu wa jirani hutuamkia tukiwa bado kitandani.

Kwa hiyo naomba mkutano ufutwe. Ikishindikana, usogezwe hadi mapenzi yetu yapoe. Nimekadiria miaka arobaini, ila mnaojua takwimu mnaweza kunisahihisha. Hilo nalo likishindikana, ufanyike sebuleni kwetu, wajumbe wawili, ajenda moja, na mvua aihesabu Mungu aliyeinyesha.

Najua nachekesha. Mama mkwe ameniuliza, "Mwanangu, ndiyo unaionea wivu mvua?" Nikamjibu ndiyo, mama, na kopo pia.

Nisalimie wajumbe wote, muuguzi zaidi, na mzee wa posta mwambie sina kinyongo.

Niliye wako kwa utiifu, na wa katibu kwa mengine yote,

Mke wa Katibu

Nyongeza: Barua hii ameisoma. Alikaa akaandika ya kwake, ya kujiuzulu ukatibu, akanipa niipeleke pamoja na yangu. Leo saa tatu, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, hakutoka. Alikaa kando yangu kama nilivyoomba, mkono wangu kaushika, masikio yote yakiwa uani. Nilivumilia dakika kumi na mbili. Nikatoka peku mwenyewe nikasoma: milimita kumi na nne. Aliniuliza kama niliinama mpaka jicho likawa sawa na maji, nikasema niliinama, akanitazama kwa mapenzi kuliko alivyonitazama siku ya harusi. Barua yake nimeichana. Yangu naituma kwa sababu mwandiko umetoka mzuri. Tarehe ya mkutano msiiguse. Tutafika siku moja kabla, sisi wawili, maana viti vya ukumbi havijipangi, na fungate yetu tutaianzia hapo.