Madume wa Ndoo ya Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Leo saa moja asubuhi nimepoteza madume wawili. Jana walikuwa tisa. Naandika ijulikane kwamba si uzembe.

Mke wangu yuko kwa mama yake mgonjwa. Kaniachia salamanda ishirini na wanne, viumbe wa majini wenye umbo la mjusi, aliowalea tangu mayai. Miezi kumi anawakatia minyoo kwa wembe! Jumamosi bustani ya wanyama inawapokea, na yeye pamoja nao, mtunzaji wa ajira ya kudumu. Sharti: wasipungue ishirini. Mimi niliambiwa nilishe, nibadilishe maji, nisiguse kingine.

Nilianza maisha na spana moja, leo nina duka la mabomba. Sikufika hapa kwa kutogusa. Unakabidhije wanyama ishirini na wanne bila kujua dume ni yupi? Shemeji, kaka yake mke wangu, anayesafisha mabwawa huko bustani, alidai wachanga hivi hawajulikani, hata wataalamu husubiri wakomae. Wivu. Mwenyewe ndiye aliyeniambia dume aliyekomaa huvimba kwenye shina la mkia. Basi jana nikashika tochi na rula. Waliovimba tisa, ndoo ya kushoto. Waliobaki kumi na watano, ndoo ya kulia. Dakika arobaini. Wataalamu, mwaka mzima!

Jumanne, 4 Juni
Wengine watatu. Majike wote wazima. Hitimisho: dume ni dhaifu kwa maumbile. Wanne waliobaki hawali, ila uvimbe umeongezeka. Udume unakomaa.

Mke kapiga simu kuuliza hali. Nikamjibu asilimia sabini na tisa wako salama. Akauliza asilimia ya nini. Nikasema mtandao unakatika.

Alhamisi, 6 Juni
Ndoo ya kushoto tupu. Shemeji kaja bila kualikwa, kachungulia, kauliza nani aliwatenga wagonjwa. Nikamsahihisha: madume. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanitazama kama anayesoma tangazo la msiba.

“Shemeji, huo ni ugonjwa. Maji ya chumvi kidogo, siku mbili, wanapona. Uliwagundua wote tisa kabla ya mtu yeyote, ukawapanga vizuri, ukawaandika madume.”

Nimechukua ile sehemu ya kugundua kabla ya mtu yeyote. Hata yeye kakiri.

Ijumaa, 7 Juni
Mke karudi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alipiga magoti jikoni, akahesabu. Akahesabu tena. Nikamwambia ni kumi na watano, nimeshahakiki.

“Kila mmoja, akiwa bado yai, nilimfunua kwenye jani alimofungwa,” akasema. “Kwa kidole hiki.”

Bustani wamejibu jioni: chini ya ishirini, nafasi hakuna. Kachukua nguo, kachukua ndoo ya kulia, kahamia kwa kaka yake. Nilijitolea kumbebea ndoo. Alikataa.

Jumapili, 9 Juni
Nyumba kimya. Nimefikiri kwa hesabu. Wamebaki majike watupu, kizazi kimekwisha, ndiyo maana ana huzuni. Lakini alipokuwa anafunika ndoo nilimulika: yule mwenye doa jeusi shingoni amevimba! Nilimkosea, ni dume. Huenda na mwenzake wa pembeni.

Nimempelekea ujumbe. Habari njema, mke wangu. Wapo madume wawili, wamechelewa tu kukomaa. Watenge pamoja, na kaka yako asiwaguse na chumvi yake. Sasa nijibu bila kuzungukazunguka, mwisho kesho saa sita mchana: aliyesema kweli ni mimi au yeye?