Tume ya Kitenzi cha Erisa

Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025. Asubuhi ilikuwa na joto la nyuzi thelathini na tisa, na unyevu wa kupofusha miwani. Katika hali hiyo ya hewa, kampuni ya ulinzi yenye ofisi Al Garhoud, mtaa wa jiji moja la Kiarabu, ilitangaza kuundwa kwa Tume ya Uchunguzi wa Kitenzi.

Kitenzi chenyewe kiliandikwa na Erisa, mlinzi wa lango la ghala huko Ras Al Khor. Alikuwa anaomba likizo ya siku saba akamwoze bintiye Trinah, Jumamosi, kwao Masaka. Kiingereza alikisoma ukubwani, katika kitabu cha sala, basi barua yake ilianza: "I beseech you."

"Anatushtaki?" aliuliza meneja, Bwana Thuwein.

"Ni kuomba tu, sir," alisema Erisa.

"Kuomba kuna neno lake kwenye fomu. Hili halimo. Likizo inasimama mpaka Tume ilete maana na asili."

Tume ilikaa siku tatu, chai ya maziwa haikukatika. Tiketi ya Erisa ilikuwa ya Alhamisi jioni. Kila alipopiga simu, katibu Joweria alimjibu, "Vumilia, kaka. Bado wako karne ya kumi na mbili."

Alhamisi asubuhi ripoti ikasomwa mbele ya walinzi wote. Mwenye kampuni, Bi Masuda, mama wa Kiunguja aliyekulia Al Baraha, alikuja kusikiliza. Kitenzi, ilisema ripoti, kimetoka kwenye neno la kale la kutafuta, likatiwa nguvu: kutafuta kwa kusihi, mpaka upate. Siku hizi wamebaki nacho wanaosali, na huelekezwa kwa Mungu.

Bwana Thuwein alifurahi mno. Akaagiza barua zote kwake ziandikwe hivyo.

Bi Masuda akavua miwani. "Kumbe mwanangu umepanda cheo, nami sina habari?"

"Ni pendekezo la Tume, Bi Mkubwa."

"Basi aombwaye hivyo halali, wala hana likizo. Si unakwenda likizo London kesho?"

"Ndiyo, Bi..."

"Khalas. Huendi. Erisa anakwenda, na lango lake utasimama wewe."

"Bi Mkubwa, I beseech you!"

"Hilo lipeleke kwenye Tume."

Saa nne asubuhi hiyo, sare ya Erisa ikimbana tumboni, Bwana Thuwein aliinua mkono mbele ya walinzi kumi na tisa, akasema kwa sauti:

"Naahidi mbele yenu, nitalilinda lango la Ras Al Khor mpaka Erisa arudi, bila kuomba kiti."