Mabati Manane kwa Mousse

Jumatatu, 6 Oktoba
Saa saba muchana. Ndani hakukaliki. Nimetoka kuandikia chini ya mupapai.

Mama mukwe ametuma ujumbe. Bibi yangu Laetitia na mutoto Éliane wamemaliza wiki sita za uzazi kwake, Jumapili watarudi. Lakini mutoto hatalala chini ya mabati yangu. Amesema kichwa cha mutoto si muhogo wa kuchemsha. Nyumba isipopoa, wanabaki kwake, chini ya paa la nyasi.

Binti yangu nimemubeba mara mbili tu. Naogopa ataniona mugeni.

Kosa ni la jirani, Basile. Yeye njo alianza na mabati, mwezi wa saba. Ningefanya nini? Nikashusha nyasi zangu, nikapigilia mabati kumi na sita.

Jumanne, 7 Oktoba
Basile ameleta shauri bila kuombwa. Kwake wametandaza mikeka ya matete chini ya bati, joto likaisha siku ileile. Bibi yake, Mama Nadine, ana mikeka ya ziada, nichukue bure. Nimekataa. Mukeka ni wa kulalia, si wa kulala chini yake. Nimesoma, mimi.

Nina mupango. Salomon, aliyekuwa fundi kule Kabimba, ana mashine iliyovuka ziwa kutoka Kigoma. Inapuliza povu, wanaita mousse. Linashika bati, linavimba, linakauka, joto linabaki nje. Bei yake inakausha mate. Nimemwambia nitafikiri.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimefikiri kisayansi. Salomon alinipa kipande cha bati chenye mousse. Nikakiweka juani juu ya matofali, na bati tupu pembeni. Chini ya kila kimoja, donge la margarini. Nikakaa saa nzima kufukuza kuku. Chini ya bati tupu: muchuzi. Chini ya mousse: donge zima, na alama ya kidole changu juu yake. Ingefaa kupima na mukeka pia. Niliwaza hivyo. Sikutaka kujua.

Sina pesa. Salomon amesema atapokea mabati. Manane. Nimepiga hesabu: manane yako juu ya sebule, manane juu ya chumba. Mutoto atalala chumbani. Na sebule isiyo na bati itapata wapi joto la bati? Nimekubali.

Alhamisi, 9 Oktoba
Alfajiri Salomon amebeba mabati manane. Aliahidi kurudi na mashine saa nne.

Saa tisa, hayupo. Saa kumi na moja, hayupo. Simu imezimwa. Mawingu yanajikusanya upande wa kijiji cha Bendera. Basile amekaa barazani, anatazama sebule yangu, kisha mbingu, kisha sebule. Afadhali angenicheka. Leo sikula.

Ijumaa, 10 Oktoba
Salomon amekuja! Nilimuwekea matusi tangu jana, lakini nilipoona mashine nikamwita Papa. Amepuliza chumba chote. Saa saba nimelala kitandani bila jasho. Nimelia kidogo, nakiri. Nikamwandikia mama mukwe: waje.

Saa nane joto limerudi. Ukuta wa chumba na sebule unaishia urefu wa mulango, na juu yake jua la sebuleni linaingia moja kwa moja. Nimetundika shuka.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mvua. Sebule imejaa, maji yamepita chini ya mulango mupaka miguu ya kitanda. Mousse haikuvuja hata tone. Nimemwambia Basile hivyo, alipokuja kunisaidia kuchota kwa ndoo. Ameendelea kuchota. Mama Nadine ameleta mikeka tena. Nimeiweka jikoni kwa heshima.

Jumapili, 12 Oktoba
Wamekuja baada ya misa. Laetitia amesimama sebuleni, ametazama juu. Éliane naye ametazama wingu.

Nimewaingiza chumbani. Laetitia ameinua mukono hewani, akakiri ni kweli, panapoa. Nikafurahi kupita kiasi. Kisha akauliza nimelipa nini. Nikasema mabati manane. Hakugomba. Aliuliza tu kwa nini sikuchukua mikeka ya Mama Nadine. Nikaanza kueleza kwamba muntu aliyesoma...

Nikambeba mutoto. Mara ya tatu. Akanishika kidole, akakaza. Laetitia amekuja kufungua vidole vyake, kimoja kimoja, taratibu. Amesema atarudi siku nyumba nzima itakuwa na paa. Amenipa mupaka Jumapili ijayo. Wakaondoka, na mimi nikabaki mulangoni kama sanamu. Inauma. Inauma sana.

Usiku huu nimelala chali nikitazama juu, na ghafla nimeelewa. Mousse imekauka, ngumu kama ubao. Mvua haipiti, joto halipiti. Basi hiyo njo paa! Sasa yale mabati manane juu yake yanafanya kazi gani? Yamepumzika tu. Nikiyabandua na kuyapeleka sebuleni, nyumba nzima ina paa, na sijalipa kitu. Salomon alisema mousse na bati vimeshikana kama ngozi na nyama. Lakini nina kisu cha mukate.

Nimeazima ngazi ya Basile. Ameuliza ni ya nini. Nimemwambia aje Jumapili ajionee.