Maiki Haipulizwi

Nimepuliza maiki. Mimi, fundi mwenyewe. Mbele ya kwaya, mchungaji na kanisa zima huko Kilolo. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana bado sijasimulia.

Ngoja nianze asubuhi.

Mnajua kazi yangu hapa Iringa: natengeneza maiki za zamani, zile nzito kama pasi ya mkaa. (Shule niliishia kidato cha pili. Mimi na hesabu tuliachana kwa amani.) Kazi nimefundishwa na Mzee Kalinga. Sasa mzee anahamia Mbeya kwa binti yake, na kuhusu meza yake na vyombo vyake vyote kanipa mtihani mmoja tu: maiki ya kina mama wa kwaya ya Kilolo, iliyokuwa bubu miaka na miaka.

"Ikiimba leo, vyombo vinabaki kwako," akaniambia. "Ikikataa, navipeleka kwa mkwe wangu."

Mkwe wake anauza makava ya simu! Mnauona huo uchungu?

Sasa, ndani ya maiki hiyo kuna utepe wa aluminiamu, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Sauti ikiugusa unatikisika, watu wanasikia. Pumzi ikiupiga unachanika. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa mzee aliniambia, "Hii haipulizwi. Hii inasemeshwa." Utepe huo nimeutengeneza siku nne, nimebana pumzi kama mtu anayepita machinjioni.

Saa nne tumefika. Sherehe ya kwaya, maturubai, watu wamejaa. Nikaichomeka. MC akaja mbio, mdomo umeshachongoka tayari.

"Weee!" Nikaikinga kwa mkono. "Haipulizwi!"

"Sasa nitajuaje kama inafanya kazi?"

"Isemeshe. Isalimie kwa Kihehe, iambie kamwene."

Akainama kwa adabu kama anamsalimia mama mkwe. "Kamwene." Spika zikaitoa KAMWENEEE mpaka bondeni. Vigelegele! Nikavimba. Mchungaji naye akanyoosha kidole aigonge kidogo tu.

"Baba mchungaji, samahani sana. Na kugongwa pia haigongwi."

(Nimemkataza mchungaji. Kanisani kwake!)

Kwaya ikaimba. Jamani! Sauti ya Mama Sekela, kiongozi wao, ilitoka laini, ya karibu, kama anakuimbia wewe peke yako jikoni kwake. Mzee Kalinga kakaa mbele, kafumba macho, mguu unacheza wenyewe. Wimbo ulipoisha akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Mara moja. Yule mzee haitikii kwa kichwa ovyo.

Nimepita! Vyombo vyangu!

"Fundi aje atusalimie!" MC akaita.

Nikatembea kama bwana harusi. Nikashika maiki. Nikafungua mdomo. Na hapo ndipo nikaona, kwenye wavu wa maiki, vumbi. Vumbi jekundu la Kilolo, kidogo tu. Sasa fundi akiona vumbi kwenye kifaa anafanya nini? Kutwa nzima pale mezani huwa tunafanya nini?

FUUUUU!

Spika zikasema PWAA! Halafu kimya. Kimya ambacho hata mbuzi waliokuwa wanakula majani kule nyuma waliinua vichwa waone ni nani.

MC hakuhitaji maiki. "Wapendwa!" akapaza sauti. "Maiki hii hai..."

"...PULIZWIIII!" kanisa zima likamalizia. Sauti ya mchungaji niliisikia vizuri kabisa, ilikuwa juu kuliko zote.

Nikamtafuta mzee. Kainamia fimbo yake, mabega yanatetemeka. Nikajua nimemliza. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. "Mzee wangu, nisamehe. Mpe tu mkwe."

Akainua uso. Anacheka! Machozi yameingia mpaka kwenye ndevu.

"Mkwe wangu," akasema alipopata pumzi, "asingeliona hilo vumbi." Akajifuta macho. "Vyombo ni vyako. Kesho unaanza utepe mpya, na ukimaliza unairudisha mwenyewe, uje uwaangalie hawa watu usoni."

Kina mama wakaendelea bila maiki. Wakasikika mpaka bondeni vilevile. (Hiyo imeniuma kuliko yote.)

Nimerudi Iringa jioni hii na maiki bubu mapajani na tabasamu ambalo linakataa kutoka. Nikamsimulia Zawadi, anayekaanga maandazi jirani na duka letu la ufundi. Nikategemea acheke. Hakucheka. Aligeuza andazi, akafikiria kwa makini, akaniangalia kwa huruma ya kweli:

"Sasa wewe, na baridi hii ya Iringa, mafua yakikushika ukaanza kupiga chafya, si utafunga duka?"