Ndevu za Chaki, Kiti cha Mbele

Jumatatu, 2 Julai 1962

Nimesimama tena! Kutoka Mtopanga mpaka Mwembe Tayari, wima, na basi lina viti. Viti vina watu, hilo ndilo tatizo. Basi linatoka Bamburi limeshajaa, sisi wa Mtopanga tunapanda kuokota makombo.

Watu wa basi hili hawana adabu hata chembe. Mmoja amenikoholea shingoni. Mwengine alikuwa akitafuna tambuu na kutema dirishani, upepo ukairudisha ndani, ikatua begani kwangu. Kanzu nyeupe! Kanzu ambayo mama aliitia uwanga jana na kuipiga pasi ya makaa mpaka ikakaribia kusimama peke yake. Nilipomlalamikia akasema pole, kisha akatema tena. Kuku wa mama mmoja alinidonoa kifundo cha mguu. Huko nyuma wanabishana habari za Mwambao, sisi wa pwani tujitenge na Kenya au tusijitenge, kwa sauti za kupasua vioo. Nchi inangoja Uhuru, na wenyewe hata kukaa ndani ya basi hawajui.

Na kile kiti cha mbele, cha dirishani, nyuma ya dereva, ambako hukanyagwi wala hutemewi, amekikalia nani? Obeid. Kijana wa forodhani, shati limenyooka, kalamu mfukoni, redio yake ndogo ya betri mapajani inaimbia basi zima. Anapanda Bamburi, kituo kimoja kabla yangu. Kituo kimoja tu, ndiyo tofauti ya mfalme na mimi.

Ningestahimili wakati mwengine wowote. Lakini jana mjomba amenipelekea posa kwa Mzee Yeslam, kumposa binti yake Hafswa. Jibu ni baada ya sala ya Ijumaa. Kabla ya hapo wataniulizia, ndiyo ada: msikitini, kazini, kwa majirani. Wataulizia tabia yangu na wataulizia umri. Mjomba amewaambia mimi ni kijana bado. Si uongo. Ndevu zangu zote nyeusi, wallahi, sijawahi kuzipaka kitu.

Uso wa Hafswa nimeuona mara moja tu. Alikuja kwenye duka la vitambaa ninakofanya kazi, na shangazi yake, Bi Kuluthum, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile. Nikawatandazia leso. Hafswa akainua ukaya asome maandishi ya leso moja, akacheka peke yake. Tangu siku ile napima vitambaa vya watu kombokombo, na tajiri ameanza kuniangalia vibaya. Nampenda. Nimeandika, basi.

Mtu anayeuliziwa hawezi kushuka mjini na doa la tambuu begani. Lazima nikipate kile kiti.

Jumanne, 3 Julai

Leo nilitumia akili. Jioni basi linaanzia Mwembe Tayari likiwa tupu, na hapo watu wote hugeuka wanyama. Wanarusha vitu madirishani kushika viti: leso, kikapu, gazeti. Nimewahi kuona mtu akimpitisha mtoto wake. Na ada inajulikana, kitu kikishatangulia, kiti kina mwenyewe. Ushenzi mtupu. Nikaona nami nirushe.

Nilirusha kofia yangu. Kofia ya kushonwa kwa mkono, ya viua vya tundutundu, aliyoniachia marehemu baba. Ikatua katikati ya kiti cha mbele, sawasawa kabisa. Nikaingia mlangoni taratibu, bila kusukumana, mtu mwenye heshima zake. Nilipofika nikamkuta Bi Dhahabu, muuza samaki wa kwetu, keshakaa dirishani, na kikapu chake cha ng'onda, samaki wakavu, kimekaa juu ya kofia yangu.

Nikamwambia kuna kofia ya watu hapo. Akasema yeye hakuona kofia, ameona kiti, na kwao kofia huvaliwa kichwani. Basi zima likacheka! Nikasema ada ni ada. Akasema niiulize hiyo ada kama imelipa nauli.

Aliyekiinua kikapu akanitolea kofia ni Obeid. Akaikung'uta, akaniambia pole bwana, kwa upole wa kuudhi. Nani alimwomba?

Nimesimama mpaka nyumbani. Paka wa Mtopanga wamenisindikiza kutoka kituoni mpaka mlangoni. Mama ameiosha kofia kwa sabuni, kisha kwa ndimu, kisha ameniambia niilaze nje.

Jumatano, 4 Julai

Mpango mpya. Ukitaka watu wakupishe, wafanye wasitake kukukaribia.

Asubuhi nilipanda nikikohoa. Si kikohozi cha mchezo, kile cha kutoka chini, na kitambaa mdomoni. Nikaegemea benchi la pili. Wa kwanza akasogea. Wa pili akainuka. Mara benchi zima tupu! Nikakaa katikati, nikaweka mkoba kulia na mwavuli kushoto ili watu wasijibanebane. Upepo mzuri. Hata yule wa tambuu alimeza. Nikawaza, kesho nitakohoa mpaka benchi la mbele.

Kabla hatujafika darajani, Baya, yule kondakta, akapiga kengele, basi likasimama. Akaja na kofia yake mkononi, akaniambia kwa adabu nyingi kwamba anaomba radhi, lakini abiria wanasema nina kifua kikuu, na yeye ana watoto. Nikamwambia nimepona. Akauliza lini. Nikasema sasa hivi! Hakuna aliyeamini. Wakaanza kupiga kelele nishushwe, wa kwanza yule aliyenikoholea shingoni juzi.

Nimevuka daraja la Nyali kwa miguu. Daraja lenyewe laelea, na maji yalikuwa yametoka, limekaa chini, na kule upande wa pili kupanda kwake ni mlima. Basi lilinipita na mtu akanipungia mkono, akanitakia afya.

Si hayo tu. Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimeshafika kwa Bi Kuluthum! Amemtuma mtu kwa mjomba kuuliza kama bwana harusi anatema damu. Mjomba imembidi aape. Jioni akaja kwetu, hata kahawa hakunywa, akaniambia nitulie. Mpaka Ijumaa nisifanye lolote, nipande basi, nisimame, nishuke, kama viumbe wengine wa Mungu. Mama akaitikia. Nikaahidi.

Na nilikuwa nimekusudia kweli kuitimiza ahadi, ila nilipokuwa nikirudi basini, kabla mjomba hajaja, alikuwa amepanda mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe. Watu wanne waliinuka kwa pamoja! Hata wa tambuu! Hakukohoa, hakurusha kitu. Ndevu tu.

Dukani tuna chaki ya kuchorea vitambaa. Nilikuwa na kipande mfukoni.

Alhamisi, 5 Julai

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nilijipaka alfajiri, ndevu na nyusi, mama akiwa bado kwenye uradi. Nikachukua bakora ya marehemu baba, nikapinda mgongo, nikatoka. Pale kituoni mtu mmoja alinipisha nipande kwanza. Baya alinishika mkono kuniingiza. Baya yule yule! Akaniambia taratibu babu.

Na Obeid. Aliponiona tu, akaizima redio. Akainuka. Shikamoo mzee, karibu ukae hapa dirishani, upate hewa. Nikasema marahaba mwanangu, kwa sauti ya kutetemeka, nikakaa.

Kiti hiki! Unaiona barabara yote. Mgongo wa dereva unakukinga jua. Hakuna kiwiko, hakuna kuku. Nilimgeukia wa tambuu nikamwambia kijana, acha uchafu huo, akaacha! Wa Mwambao nikawaambia wanyamaze wakanyamaza. Nimelitia basi zima adabu kwa kipande cha chaki.

Mkoba wangu niliuweka pembeni yangu, upumzike. Mwanamke mmoja wa buibui, uso wote amefunika, alipanda baada yangu akasimama karibu, akawa ananizibia upepo. Nikamgusa kwa ncha ya bakora, nikamwambia mama, sogea kidogo, wazee tunahitaji hewa. Akasogea. Ila alinitazama mpaka Mwembe Tayari. Watu wengine hawajafunzwa kwamba kukodolea macho ni utovu wa adabu.

Dukani nikajifuta chooni kabla tajiri hajaja. Kesho Ijumaa. Kesho jibu. Nina furaha, naona kila kitu kimeanza kuninyookea.

Ijumaa, 6 Julai

Ndiye. Yule wa buibui. Ndiye Bi Kuluthum!

Mjomba alinisubiri nje ya msikiti baada ya sala. Nilijua kwa jinsi alivyoshika viatu vyake. Akasema Bi Kuluthum alipanda basi jana kwa makusudi, kuja kunitazama kifua changu kwa macho yake, baada ya ile habari ya kukohoa. Akanitambua kwa sauti, na kwa bakora ya baba, inayojulikana mji mzima. Dukani aliniona na ndevu nyeusi, basini ameniona na ndevu nyeupe, na akili yake ikafanya hesabu yake. Kumbe bwana anapaka piko, ndevu zionekane nyeusi! Kumbe ni mkongwe, jana alichelewa kujipaka. Amemwambia Mzee Yeslam kwamba binti yao hatolewi kwa babu.

Nikamwambia mjomba ni chaki. Akaniuliza chaki gani. Nikamweleza. Akavaa kiatu mguu usio wake, watu wanatoka msikitini wanatuamkia.

Nimekaa na jambo hili mchana wote. Nikinyamaza, mimi ni mzee, namkosa Hafswa. Nikisema kweli, si mzee, lakini basi mimi ni nini? Hata hivyo umri ndio walioukataa. Tabia yangu hawajaisema. Kwa hiyo kweli itaniokoa! Nimemwomba mjomba arudi kwao jioni hii, na nimempa kile kipande cha chaki kiwe ushahidi. Ameshika njia akitikisa kichwa. Mama ameirudisha bakora ya baba kabatini. Ee Mola, Hafswa.

Jumamosi, 7 Julai

Mjomba amekuja asubuhi na jibu.

Anasema Bi Kuluthum aliichukua chaki, akajisugua nayo ukucha, akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Hafswa pia alisikika akicheka nyuma ya pazia. Kisha Bi Kuluthum akaiweka chini, akasema afadhali angekuwa mzee. Mzee hana kosa, uzee kapewa na Mungu. Huyu anaiba heshima ya wazee ainue watu vitini, kisha anamgusa mtu mzima kwa bakora amsogeze. Nyumbani kwake atamsogeza nani?

Kisha akauliza, na yule kijana aliyeizima redio akampisha, wa nani yule?

Wakamtafuta. Hawakwenda mbali! Posa ya Obeid ilikuwa imelala nyumba ile ile tangu baada ya Idi. Walikuwa wanasita. Kijana ana kazi nzuri, ana wazee wema, lakini wamesikia habari za ile redio yake basini, wakasema asije akawa mhuni. Basi sasa Bi Kuluthum ameona kwa macho yake. Ameinuka, ameamkia, amezima redio mwenyewe. Wamekubali. Ndoa ni baada ya Maulidi.

Nimemwozesha mimi. Kwa chaki yangu, kwa mgongo wangu nilioupinda mwenyewe!

Nilikwenda uani nikajidai natengeneza tundu la kuku. Nililia. Mama alinijia, akasimama nami kidogo, akaniuliza kama nitakula wali au mkate.

Jumatatu, 9 Julai

Leo nimeamua kuwa mtu mwengine. Hakuna chaki, hakuna bakora, hakuna kikohozi. Ndevu zimeoshwa, nyeusi, zinang'aa. Kofia bado inanuka samaki kidogo. Nitasimama na kuvumilia, nikasema moyoni, na wanione wote jinsi mwanamume anavyosimama.

Nikapanda. Basi zima likanitazama, maana habari zimeshazunguka Kisauni yote. Bi Dhahabu akaziba mdomo kwa leso. Obeid alikuwa kiti cha mbele. Akaizima redio, akainuka, akaniambia shikamoo. Shikamoo! Na sina chembe ya chaki usoni! Kama alikuwa ananikejeli, mimi sikuona dalili. Macho yake yalikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililonichoma.

Akasema karibu ukae. Akasema pia kwamba Mungu akijaalia nije kwenye walima wake, na kwamba baada ya harusi watahamia kisiwani, karibu na forodha, kwa hiyo hatapanda tena basi hili.

Mtu mwenye haya angekataa kile kiti. Nilifikiria kukataa. Nilifikiria muda mzuri, basi likaanza kwenda, nikayumba, na wa tambuu alikuwa ameshaanza kukiangalia.

Nikasema marahaba. Nikakaa.

Kiti ni kizuri, hilo haliondoki. Lakini tangu Kongowea nina wasiwasi mmoja. Obeid akihama, nani atanipisha? Wa Bamburi hawamwinukii mtu, hawa. Bi Dhahabu ndiyo kabisa. Na ndevu hazifai tena, wameshazijua.

Dukani leo tumefungua robota la kitambaa cha bafta, kukabaki kipande kirefu cha mwisho ambacho tajiri hakitaki. Nimejaribu kujifunga nacho mkono shingoni mbele ya kioo cha wateja. Kinakaa vizuri sana begani. Mtu aliyevunjika haulizwi umri, wala haambukizi. Mkono wa kulia ninauhitaji kwa kulipia nauli, kwa hiyo kesho, inshallah, nitakuwa nimevunjika wa kushoto.